Mchezo wa Fela!: je, siasa ilimezwa na ngoma?

Swali: Ndugu zangu, naomba mliobahatika kuutazama mchezo wa muziki wa Fela!, iwe New York ulikofika kwenye kumbi kubwa za Broadway mwaka 2009 au London mwaka uliofuata, mnieleze kama ukaidi wa mwanamuziki Fela Kuti mbele ya wanajeshi waliotawala Nigeria ulipewa uzito wake, au watu walikwenda kucheza tu.

Jibu la kwanza: Niliutazama London. Jukwaa liligeuzwa kuwa Shrine, klabu ya Fela ya Lagos, na mwigizaji mkuu akatusimamisha sote ili atufundishe kuzungusha nyonga kwa kufuata mishale ya saa. Mzee mmoja mwenye tai, aliyekuwa kando yangu, alikwama kwenye saa tisa (nikikumbuka bado nacheka). Kicheko hicho kilikatika ghafla ilipofika habari ya askari kuvamia Kalakuta, makazi ya Fela, mwaka 1977, wakaichoma moto nyumba na kumtupa mama yake dirishani. Ukumbi ulikuwa kimya hata kukohoa hakukusikika.

Jibu la pili: Naafiki, ila mimi nina dukuduku. Bi Funmilayo, mamaye, ametendewa haki kwa sababu roho yake ndiyo inayoibeba hadithi nzima, lakini wale wake 27 ambao Fela aliwaoa siku moja mwaka 1978 wamebaki zaidi kuwa wachezaji wazuri.

Mwuliza swali: Ahsanteni sana. Hilo la wake zake ndilo nililokuwa nikilihofia.