Kinsale, Ireland: siku moja inatosha?

Wadau, nitakuwa jiji la Cork mwezi Juni. Nataka kufika Kinsale kwa samaki, historia na mandhari. Sina gari. Nipangeje siku?

Bahari2
Basi namba 226 kutoka stendi ya Parnell Place linapitia uwanja wa ndege hadi Kinsale. Angalia kwanza basi la mwisho la kurudi. Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo mwanga utakudanganya na basi litakuacha.

Tembea hadi Charles Fort kupitia vitongoji vya Scilly na Summercove, kama kilomita 3 ukiifuata bandari. Ngome hiyo ya karne ya 17 ina umbo la nyota, na ukiwa ukutani unauona mlango wote wa bandari. Vaa viatu vyenye kashata. Mvua ikinyesha njia ina utelezi.

Mama Kome
Chakula ndicho hasa cha kufuata huko! Agiza kome, au supu nzito ya samaki yenye maziwa. Ndugu, kama huli nguruwe uliza kabla, maana wapishi wengi huitia vipande vyake na huvioni mpaka uvitafune. Mkate wake wa kahawia huumuliwa kwa magadi na maziwa ya mgando, bila hamira, ndiyo maana unameguka ukikatwa ungali moto.

Bahari2
Nyongeza: viza ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) haikuingizi Ireland, ingawa wanatumia yuro.