Sarafu isiyochimbwa: kweli haina mwenyewe? Tulinganishe Bitcoin, Ethereum, XRP na Nano

MtuWaWete (mwenye mada)

Assalaam alaykum. Jana baada ya isha tulibishana barazani hapa Wete mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Mwenzetu mmoja kashikilia kuwa sarafu ya mtandaoni isiyochimbwa, yaani isiyopatikana kwa mashine kushindana kukokotoa hesabu, si huru, ni kampuni ya watu imebadilishwa jina tu. Sikumkubali, sikumkataa. Nimekaa na kalamu usiku, na haya ndiyo niliyoyapata. Penye kosa nisahihisheni.

*Bitcoin.* Imeanza Januari 2009, ukomo wake sarafu milioni 21, na tangu Aprili 2024 kila bloku, yaani fungu la miamala, humlipa mchimbaji sarafu 3.125. Nnachokipenda ni kuwa hakuna aliyegaiwa: aliyewasha mashine alipata. Lakini mashine zenyewe zinataka umeme wa rahisi usiokatika. Unguja walikaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 njia ya umeme wa kutoka bara ilipoharibika. Mchimbaji wa visiwani angeshindana na nani?

*Ethereum.* Ilichimbwa mpaka tarehe 15 Septemba 2022, kisha ikaacha. Sasa anayethibitisha miamala ni aliyeweka dhamana ya sarafu 32 za Ethereum (ETH); akidanganya, anakatwa. Umeme umepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Lakini ETH 32 ni pesa ya kujengea nyumba.

*XRP.* Zote bilioni 100 zilitengenezwa kwa mkupuo mmoja mwaka 2012, na waanzilishi wakaipa kampuni yao, ambayo sasa ni Ripple, bilioni 80. Muamala hupita wathibitishaji walio katika orodha ya kuaminiana wakikubaliana kwa asilimia 80.

*Nano.* Ya mwaka 2015, ya Colin LeMahieu. Ilitolewa bure kwa watu waliokaa kwenye kompyuta wakijibu vile vifumbo vya kuthibitisha kuwa wewe si roboti, mpaka Oktoba 2017. Zilizobaki zikateketezwa, zikasalia kiasi cha milioni 133. Haina mchimbaji wala ada. Mwenye sarafu humteua mwakilishi wa kupiga kura ya kuthibitisha miamala kwa niaba yake.

Ipi kati ya hizi haina mwenyewe khasa?

Nahodha_Mkoani

Mimi niko na huyo mwenzako wa barazani. Mchimbaji mkubwa hawezi kulala: kila siku analipa umeme, kila baada ya miaka anabadilisha mashine. Akizembea, mwengine anampita. Mwenye dhamana analipwa kwa kuwa nazo. Aliyeanza na nyingi anabaki na nyingi, na hakuna kinachomtoa kitini. Na hiyo XRP ndiyo usiniambie kabisa. Mwaka 2017 kampuni ilifungia bilioni 55, ikawa zinafunguliwa bilioni moja kila mwezi. Tangu lini mali isiyo na mwenyewe ikawa na mtu mmoja anayeshika ufunguo wa ghala?

Bi_Mwani

Kaka Nahodha, kuhusu mgao wa mwanzo nakuunga mkono. Lakini uchimbaji nao usiusafishe kiasi hicho. Wachimbaji hujiunga kwenye vikundi, na Juni 2014 kikundi kimoja, GHash.io, kilivuka nusu ya nguvu yote ya Bitcoin. Wachimbaji wenyewe ndio waliohama. Na mwaka 2021 China ilipopiga marufuku, nguvu ya kuchimba ilishuka kwa kiasi cha nusu katika miezi michache, kwa sababu mashine nyingi zilikuwa nchi moja. Ilisimama tena, hilo ni sifa yake. Lakini mtu asituambie kuwa kuchimba peke yake kunaondoa wakubwa.

Daftari_la_Mama

Niruhusuni nieleze jambo la nyumbani. Mama yangu alikuwa kijumbe wa kibati (upatu), kina mama ishirini na wawili. Daftari lilikaa kwake, la kurasa 96, jalada limefungwa kwa uzi wa cherehani. Masika moja paa lilivuja, wino ukayeyuka wote, kurasa zikawa buluu tupu. Mimi mtoto nilidhani kibati kimekufa. Kumbe kila mmoja alikuwa na kikaratasi chake, nani keshapokea na nani bado. Walikaa ukumbini jioni moja, wakavilinganisha kimoja kimoja. Viwili tu vilipingana na wengine, wakafuata vya wengi. Kibati kikaendelea.

Pale hapakuchimbwa kitu. Kilichowaokoa ni nakala mikononi mwa kila mtu na haki ya kumwambia kijumbe "hapana". Lakini jengine pia ni kweli: nani aingie na nani asiingie, aliamua mama peke yake. Kwa hiyo mimi nauliza maswali mawili tu. Nani ana nakala ya daftari la miamala? Na nani anamkubali mgeni mlangoni? Bitcoin na Nano mgeni anaingia bila kuomba. Ethereum anaingia akiwa na 32 zake. XRP yeyote anaweza kuwasha kompyuta yake ikathibitisha, lakini kura yake ina uzito pale tu wengine wanapomtia kwenye orodha zao. Huo ndio mlango wa mama yangu.

Fundi_Chake

Ongeza swali la tatu: nani anaweza kuuzima mtandao? Februari 2020 pochi za IOTA, sarafu nyengine isiyochimbwa, ziliibiwa, na taasisi yake ikazima mratibu wake, yaani kompyuta iliyokuwa ikiidhinisha miamala. Mtandao wote ukasimama karibu mwezi. Haikuwa na uchimbaji, na ilikuwa na swichi. Solana, nayo haichimbwi, ilisimama Septemba 2021 kwa kiasi cha saa 17, ikasimama tena Februari 2024 kwa kiasi cha saa tano, ikabidi wathibitishaji wapatane kuiwasha upya.

Na Ethereum ya 2016, wakati ikichimbwa bado, waliafikiana kurudisha pesa zilizochukuliwa kwenye DAO, mfuko wa pamoja uliojengwa juu yake. Waliokataa wakabaki na Ethereum Classic.

Nano haina swichi ninayoijua, ila wengi wanaacha sarafu zao kwenye masoko ya kubadilishia, na kura ya sarafu hizo hupigwa na soko. Ethereum ina maradhi hayohayo: mwaka 2023 Lido, huduma inayokusanya sarafu za watu na kuziweka dhamana, peke yake ilikuwa na karibu thuluthi ya dhamana zote.

MtuWaWete (mwenye mada)

Nimesoma mara mbili. Nakiri swali langu lilikaa vibaya: nilitazama kuchimba, nikaacha nakala, mlango na swichi. Kwa mizani hiyo naitoa XRP, na Nano naipandisha juu ya pale nilipoiweka mwanzo, kwa sharti watu waziondoe sokoni wateue wawakilishi wao.

Nataka na mimi niwe na kikaratasi changu. Nimepata diski ya TB 1, lakini Bitcoin nzima ni zaidi ya GB 600 na bando la simu halibebi. Kuna mwenye faiba Unguja anishushie?

Fundi_Chake

Niko Mwanakwerekwe mpaka Jumapili. Mpe mtu wa boti hiyo diski, nitakunakilia mabloku tu. Ikirudi Wete usiniamini: iache kompyuta yako iyakague yote upya tangu bloku ya kwanza. Itachukua siku kadhaa, na feni iwe karibu.