Jengo la kona pale Samora (gumzo la kikundi cha ukoo)

Mimi, 10:12
Shikamooni wazee wangu. Asubuhi hii nimepita Mtaa wa Samora, hapa Dar es Salaam, nikitokea Mnara wa Saa, nikakuta lile jengo la kona ambalo Babu alikuwa akishonea barazani kwake limezungushiwa mabati mapya, na fremu zote za chini zimefungwa. Ninawaomba mnieleze habari za jengo lile na maduka yake, kwa sababu mimi ninachokikumbuka ni cherehani tu.

Baba Mkubwa, 10:31
Marahaba mwanangu. Habari hiyo imenigusa sana. Anza na jina la mtaa wenyewe. Wajerumani waliuita Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Waingereza wakauita Acacia Avenue. Baada ya Uhuru ukawa Independence Avenue, na ndipo ukapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji. Babu yenu, ambaye alianza kazi pale Waingereza wakiwa bado wanatawala, aliendelea kusema “ninakwenda Akasia” mpaka siku alipolala kitandani asiamke.

Dada Tabata, 10:36
Shikamoo Baba Mkubwa. Na ile sanamu ya Askari ilikuwapo tayari?

Baba Mkubwa, 10:44
Marahaba. Ilikuwapo tangu mwaka 1927. Pale mwanzoni palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyosimamishwa enzi za Wajerumani na kuondolewa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Huyu Askari wa shaba aliwekwa kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita ile, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wazee waliokuwa wakimwelekeza mteja walisema “ukifika Bismini,” yaani hapo kwenye sanamu, “shika mkono wa kuelekea Mnazi Mmoja.”

Shangazi Magomeni, 11:02
Mimi niwaeleze jengo, kwa maana ndiye niliyekuwa nikimpelekea Baba, yaani Babu yenu, chakula. Chini palikuwa na duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, juu ndiko walikoishi wenyewe, na mbele palikuwa na baraza pana lenye nguzo nne. Majengo mengi ya Uhindini yalijengwa hivyo, biashara chini na makazi juu. Kwenye ukingo wa paa waliandika mwaka wa ujenzi kwa plasta, lakini tarakimu mbili za mwisho zilikwisha banduka nilipojifunza kusoma. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho hatua tatu, akapimwa na Baba pale pale barazani. Ukikanyaga saruji mahali cherehani iliposimama utaona vishimo vinne, kila kimoja cha kutosha kidole gumba, vilivyochimbwa na miguu ile ya chuma kwa miaka yote hiyo.

Mimi, 11:05
Vishimo hivyo nimeviona kwa macho yangu, Shangazi, na sikujua ni vya nini.

Mjomba Tanga, 11:20
Ni vizuri, lakini mwelezeni kijana na kwa nini Babu yake alikuwa barazani, asiwe ndani. Mji ule uligawanywa kwa kanda: Uzunguni, Uhindini, kisha uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi, na ng’ambo yake ndiyo Kariakoo na Ilala. Katika kanda ya katikati ilitakiwa nyumba ya kudumu, na mtu mweusi aliyenyimwa mkopo angeipata wapi fedha ya kuijenga? Babu alitembea kila alfajiri kutoka Kariakoo, akavuka Mnazi Mmoja, akafungua kazi yake kwenye kivuli cha nyumba ya mtu.

Baba Mkubwa, 11:47
Uyasemayo ni kweli, shemeji, nami siyapingi. Ndiyo maana mwaka 1971, Sheria ya Kutwaa Majengo ilipopita, wengi tulishangilia. Serikali ilitwaa majengo yaliyopangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipwa fidia. Jengo letu lilikuwa la zamani sana. Yule mzee wa vitambaa akawa mpangaji ndani ya nyumba aliyojengewa na baba yake. Nilikuwapo siku alipopokea stakabadhi yake ya kwanza ya kodi ya pango: aliikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaendelea kumpimia mama mmoja yadi za poplini. Haki ya wengi ninaielewa, lakini mkono ule uliokuwa ukitetemeka siwezi kuusahau.

Mjomba Tanga, 11:52
Hata hivyo, bila sheria ile Babu asingepata fremu.

Shangazi Magomeni, 12:10
Hilo nalo ni kweli. Familia ile ilipohama, sehemu ya nyuma ilibaki wazi, Baba akaomba, akapewa. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kushona chini ya dari. Kwa bahati mbaya, miaka ya mwanzo ya themanini kitambaa kilikuwa adimu, rafu zilikuwa tupu, na mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi hata mwenye jora moja aliogopa kulionyesha. Alibaki akigeuza kola za mashati ya zamani. Baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984 mitumba ikaingia, na mtu mwenye shati tayari hamhitaji fundi.

Dada Tabata, 12:14
Fremu ile aliiachaje, Shangazi?

Shangazi Magomeni, 12:29
Mwaka 1990 majumba ya Msajili yaliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, yeye akiwa bado mpangaji. Alikuja mfanyabiashara wa vifaa vya umeme akampa kilemba, yaani fedha ya kuachiwa fremu, Baba akakabidhi funguo. Kwa fedha hiyo ndipo yakaezekwa mabati haya ninayokaa chini yake sasa. Ninaona vibaya kwamba hatukupiga hata picha moja ya baraza lile.

Baba Mkubwa, 12:41
Picha hatuna, lakini vitabu vyake vya vipimo ninavyo, vitatu, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Ameandika mteja, mtaa, kiuno, urefu wa suruali, na duka alikonunua kitambaa. Maduka yote ya safu ile yamo humo, kwa majina waliyoyaita wateja wenyewe.

Mimi, 12:43
Baba Mkubwa, ninakuja kesho baada ya adhuhuri. Leo jioni nitarudi Samora nikamwombe mlinzi aniruhusu kuvipiga picha vile vishimo vinne kabla saruji haijavunjwa.

Shangazi Magomeni, 12:45
Nenda sasa hivi mwanangu, usingoje jioni.