Faini ya kuchelewa imepanda, wachelewaji nao wamepanda. Saikolojia inasemaje?

MamaVitumbua (Mikindani)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtunza nidhamu wa kikundi cha kuweka na kukopa huku Mikindani. Tuko 26, tunakutana kila Alhamisi saa nane mchana barazani kwa mwenyekiti. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, kwa hiyo mshika funguo mmoja asipofika, wengine wote mnabaki kulitazama tu kama mgeni asiyesema shida yake.

Faini ya kuchelewa ilikuwa 500. Wachelewaji hawakuzidi watano, tena waliingia wameinama: "Jamani mnisamehe, mtoto kaamka na homa." Mwezi wa kumi nikapendekeza tupandishe iwe 2,000, nikijua watabaki wawili. Sasa hivi kuna wiki wanachelewa 11, hata 12! Na kinachoniuma zaidi ni namna wanavyoingia. Kuna mama mmoja wa vitenge anafika saa tisa kasoro, noti ya elfu mbili inatua mezani kabla ya salamu, anavuta mkeka anakaa. Nikamuuliza vipi mwenzetu. Akanijibu, "Kwani sijalipa?"

Mwanangu anasoma ualimu. Nimefungua daftari lake la saikolojia nikakuta ngazi za mahitaji za Maslow: chakula, usalama, kupendwa, heshima, mpaka kule juu kabisa. Nimezisoma mara mbili na mama wa vitenge sijamwona kwenye ngazi yoyote. Mtu aliyeingia kikundi kwa shida ya fedha anakubalije kutupa elfu mbili kila wiki?

Mwl_Chaki (Masasi)

Mama, Maslow usimtupe. Aliandika mwaka 1943, wala ile piramidi inayochorwa ubaoni hakuichora yeye. Ila swali lako lilishajibiwa kwingine, karibu neno kwa neno.

Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, kwa wiki 20. Wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto jioni. Kuanzia wiki ya tano, vituo sita vikaweka faini ya shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika kumi. Wachelewaji wakaongezeka mpaka wakafika kama mara mbili ya mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000 na wachumi walibishana sana, kwa sababu vitabu vyao vinasema ukikipandishia kitu gharama, watu watakipunguza.

Maelezo yao ni haya. Kabla ya faini, mzazi alikuwa anamwonea haya mwalimu aliyebaki na mtoto wake. Faini ilipokuja, haya ikageuka bei, na kitu chenye bei mtu ananunua bila kuomba radhi. Mama wa vitenge ananunua dakika 50 za kuuza vitenge. Kwa elfu mbili, kwake ni rahisi.

Halafu kuna baya zaidi. Wiki ya 17 faini ilifutwa, lakini wachelewaji hawakupungua. Haya ikishaondoka haiitwi ikaitika.

Bodaboda_Ligula

Mmepandisha mwezi wa kumi, pesa za korosho zinaingia! Jaribuni mwezi wa nne muone kama kuna mtu atarusha noti.

DadaWaNachingwea

Mimi nasema achaneni na faini. Wanaowahi wapewe zawadi, hata sabuni ya mche.

Mwl_Chaki (Masasi)

Dada, hapo nenda polepole. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa chekechea Marekani waliokuwa wanapenda kuchora. Kundi moja likaahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe likichora. Wiki chache baadaye, vyeti vikiwa havipo, watoto wale walichora kama nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hawakupungua. Sabuni ikiahidiwa, siku inayokosekana mtasikia "leo hakuna sabuni, naharakia nini?"

Nahodha_Mstaafu (Kilwa Masoko)

Nimewasoma wote, wasomi hamjambo. Mama, shikamoo kama umenizidi. Swali langu moja tu: hao wachelewaji wangapi wanachokoa pweza? Mmepanga mkutano kwa saa ya ukutani. Bahari haina saa ya ukutani, inafuata mwezi. Maji yakipwa saa sita, mwanamke aliye mwambani atakuja vipi saa nane, na pweza kamwona? Fungua daftari la mahudhurio, Alhamisi moja wamechelewa, inayofuata wamewahi. Kama si hivyo niite mwongo.

MamaVitumbua (Mikindani)

Babu, marahaba siitaki, shikamoo mimi. Nimekaa na daftari tangu Isha. Ni kweli kabisa! Wanawake saba wa pwani, wiki moja wamechelewa wote, wiki ya pili wamefika hata kabla yangu. Imeenda hivyo tangu mwaka jana. Zamani tulikuwa tunawasamehe bila kuandika, mimi ndiye nilianza kuandika kila jina faini ilipopanda. Nimewatoza wenzangu kwa kosa la mwezi mwandamo.

Lakini wanne waliobaki hawana mwamba wala pweza. Mama wa vitenge, mwenye duka la dawa, na wengine wawili. Hao ni wa Haifa.

Mwl_Chaki (Masasi)

Nahodha amenipiga bao. Kosa langu nalo lilishaandikwa: mwanasaikolojia Lee Ross alilipa jina mwaka 1977, ni tabia yetu ya kumhukumu mtu kwa moyo wake na kusahau hali iliyomzunguka. Nimelifundisha miaka mingi na nimeliangukia leo asubuhi.

Mama, wanne wako usiwatafutie faini kubwa zaidi. Mmoja wao mpe ufunguo.

MamaVitumbua (Mikindani)

Narudi na mrejesho. Tumekubaliana Alhamisi za maji kupwa mchana tukutane saa kumi. Mama wa vitenge tumempa ufunguo namba mbili. Wiki ya kwanza alifika saa nane na dakika tano anahema, kanga imemponyoka begani, anaomba radhi kwa watu 20 waliokaa wanalitazama sanduku. Hakuna aliyemdai hata senti.

Sasa naomba nikiri kitu. Alhamisi iliyopita nilipata oda ya vitumbua 200 vya arusi, nikafika saa tisa. Njiani nilikuwa natetemeka kwa aibu, mtunza nidhamu mzima! Nikaingia, nikatoa elfu mbili, nikaiweka mezani, na wallahi roho ikatulia palepale. Nikavuta mkeka.

Wameniona wote.