Mkato wa ukuta kwa skeli ya 1:20 unanishinda: nianzie wapi?

Mwanafunzi wa Nyakato

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari zenu. Ninasoma usanifu majengo mwaka wa pili, na kwa sasa nipo likizo nyumbani Mwanza. Katika somo la kubuni sijambo, na picha za kompyuta hunitoka vizuri. Linalonitesa ni somo la ujenzi na michoro ya kiufundi. Tulipotakiwa kuchora mkato wa ukuta, yaani ukuta unavyoonekana ukikatwa wima, kuanzia msingi hadi paa, nilikesha siku mbili nikikusanya vipande kutoka vitabuni, lakini mchoro ulirudi ukiwa na swali moja tu la kalamu nyekundu: «Ukuta huu umejengwa wapi?» Naomba mnisaidie kuelewa nilikosea nini, na kama likizo hii niitumie kujifunza programu nyingine au niende kwa mafundi.

Msanifu wa Kirumba

Marahaba. Bila kuuona mchoro wako, nathubutu kukisia kwamba ulichora ukuta wa tabaka mbili wenye uwazi katikati, na ndani ya uwazi ukaweka sufi ya kuzuia baridi. Nami niliwahi kuuchora ukuta huohuo. Huko Uingereza, ambako vitabu vingi tunavyovisoma vimetoka, uwazi ule upo ili mvua inayopenya tabaka la nje isifike ndani, na sufi ipo ili joto la nyumba lisitoroke. Hata kina cha msingi, ambacho kwa kawaida hakipungui mm 450, huzingatia udongo unaoganda na kufura wakati wa baridi. Mwanza ipo takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na udongo wake haugandi hata siku moja. Kwa hiyo ulinakili jibu la swali ambalo hapa halijaulizwa.

Ushauri wangu ni kwamba uchore kwa mpangilio uleule ambao fundi hujengea. Anza na mstari wa ardhi, kisha mtaro, zege la msingi, ukuta wa msingi, kifusi kilichoshindiliwa, tabaka la mawe, mchanga wa kusawazisha, nailoni na jamvi (sakafu ya zege) la mm 100. Weka tabaka la kuzuia unyevu ukutani angalau mm 150 juu ya ardhi ya nje, kwa sababu matone ya mvua hugonga ardhi na kuruka. Ndipo upandishe tofali, lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha), kenchi (fremu za kubeba paa), papi (mbao za kupigilia bati) na bati. Kila unapoongeza kitu, jiulize kimebebwa na nini na maji yakikifikia yatakwenda wapi. Ukikosa jibu, usiendelee kupanda.

Kuhusu kompyuta, programu kama Revit huja na kuta ambazo tabaka zake zimekwisha kupangwa, hivyo mtu anaweza kumaliza mkato asiouelewa. Likizo hii nenda kwa mafundi, ubebe futi, penseli na daftari.

Mwashi wa Igogo

Mimi si msanifu, ni fundi mwashi, na nyumba nyingi nilizojenga zipo milimani. Ramani nyingi tunazoletewa zinaonyesha msingi ulionyooka kana kwamba kiwanja ni uwanja wa mpira, ilhali mji huu umekaa juu ya majabali. Katika mtaro mmoja, kona ya huku unagonga jabali kwa kina cha nusu mita, na kona ya kule bado unachimba udongo laini. Zege likimwagwa hivyohivyo, upande wa udongo utatitia kidogokidogo na upande wa jabali hautatitia, na ufa utapita ukutani kwa mshazari, mara nyingi ukianzia kwenye kona ya dirisha. Ama uchimbe hadi msingi wote ufike kwenye jabali, ama mhandisi aonyeshe mahali pa kuitenganisha nyumba ili kila upande utitie peke yake.

Kwenye mteremko, msingi hushuka kwa ngazi. Tafadhali onyesha kwenye mchoro jinsi zege la ngazi ya juu linavyopishana na la chini: mapishano yasipungue mara mbili ya kimo cha ngazi, wala unene wa zege lenyewe, wala mm 300, na uchukue kilicho kikubwa kuliko vyote. Ukiacha kuonyesha, kila fundi atakata anavyojua.

Mwanafunzi wa Nyakato

Nashukuru sana. Msanifu, umekisia sawasawa, hata sufi ilikuwamo. Naomba kuuliza jambo moja zaidi. Nyumba yetu ina paa lililofichwa nyuma ya ukuta, na dari ya sebule ina doa linalokua kila masika. Je, naweza kuanza na mkato wa mahali hapo?

Msanifu wa Kirumba

Anza hapohapo. Paa la kuficha limependwa mno siku hizi, na wengi huliiga sura bila kuiga mifereji yake. Panda na mtu wa kukushikia ngazi, upime mambo manne: mfereji una mteremko kuelekea kwenye bomba au maji yametuama; bati la kuzibia pembeni limepanda ukutani angalau mm 150 na ncha yake imechomekwa ndani ya ukuta, au imepakwa gundi juujuu tu; kichwa cha ukuta kimeinamia ndani au ni bapa; na kama lipo tundu la dharura la kutolea maji bomba linapoziba, ambalo ni lazima liwe chini ya ncha ya lile bati. Mvua ya mm 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 120 huleta lita 6,000, na zote zinategemea mfereji huo mmoja.

Chora kwa skeli ya 1:5 kama palivyo sasa, pamoja na makosa yake, kisha uchore pembeni unavyopendekeza parekebishwe. Ukimaliza, piga picha karatasi zote mbili uziweke hapa, Mwashi naye azitazame.