Naomba ushauri: bei ikivunja kilele cha jana (bei ya juu kabisa), voliumu (wingi wa biashara inayofanyika) niisomeje?

Wakuu, naombeni ushauri. Nafanya biashara ya fyucha ndogo (mikataba ya kununua au kuuza baadaye kwa bei iliyokubaliwa sasa) za S&P 500 (fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani) pale CME, soko la fyucha la Chicago, zile ambazo pointi moja ni dola 5. Kabla ya soko nachora kilele cha jana, bei ya chini kabisa na bei ya kufungia.

Kinachonisumbua ni ufunguzi wa soko la hisa la New York, saa 10:30 jioni kwetu (kwao kukiwa baridi ni 11:30). Voliumu hupanda kila siku muda huo, kwa hiyo bei ikivunja kilele sijui kama wanunuzi wameingia kweli au ni pilikapilika za ufunguzi tu. Naona bora kulinganisha na dakika zilezile za siku zilizopita. Au nyie mnasubiri bei irudi kugusa kilele hicho kwa voliumu ndogo ndipo mnanunua? Stopu (oda ya kutoka ili kuzuia hasara) mnaweka wapi?