Naomba ushauri: misuli ya mwanangu inadhoofika, kipimo cha jeni nifanye wapi?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Alichelewa kwenda tete, na sasa ngazi za skuli zinamshinda. Akikaa chini hainuki mpaka ashike magoti, ajipandie mapajani kwa mikono yake mwenyewe. Vigimbi vyake vimenenepa, majirani wakawa wanamsifu kwa afya. Kumbe ndiyo dalili!

Nilikoanzia niliambiwa nimchue mafuta tu, mwaka ukapotea. Daktari wa sasa kapima damu, kimeng'enya cha misuli kiko juu mno. Anashuku Duchenne, maradhi ya kurithi ya misuli kudhoofika: jeni iliyo kwenye kromosomu X ina hitilafu, misuli inakosa distrofini, protini inayoilinda isichanike. Protini hiyo ilitambuliwa tangu 1987, lakini maradhi yenyewe bado hayajapata dawa ya kuyaondosha.

Aliyewahi kupima jeni anieleze: damu ilichukuliwa Dar es Salaam, au mtoto alisafirishwa nje? Gharama je? Prednisoloni, dawa ya kupunguza kasi ya udhaifu wa misuli, iliwafaa watoto wenu?

Na jingine linaloninyima usingizi: nina mimba ya miezi mitatu. Mama anaweza kuibeba jeni hii bila kuumwa. Nianze kupimwa mimi? Na mdogo wangu anayeolewa baada ya Ramadhani, nimwambieje?